Bakopa Isiyotambaa, Inayooza au Kunyauka: Kusoma Dalili Zake Katika Akwaria ya Nyumbani

Bacopa monnieri, ambayo wafugaji wa samaki wa mapambo huiita bakopa kwa ufupi, ni mmea mdogo unaotambaa ambao kwa asili huota kwenye tope na kingo za maji katika nchi nyingi za joto, pwani ya Afrika Mashariki ikiwemo, na ambao India umetumika tangu kale kama dawa kwa jina la brahmi. Majani yake ni manene na mafupi, hayana vikonyo, huota mawili mawili yakikabiliana kwenye kila kifundo cha shina, na kifundo chochote kinachogusa udongo unyevu kinaweza kutoa mizizi. Mmea huu huvumilia maji ya nyuzi 30 za joto, maji magumu, na hata maji yenye chumvi kidogo, wala hauhitaji mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi. Kwa mtu anayeishi Tanga au Mombasa na kujaza tangi lake kwa maji ya kisima, sioni mmea mwingine wa kuanzia ulio bora kuliko huu.

Tatizo ni kwamba sifa hiyo ya urahisi huwafanya watu wengi wakose subira. Jani moja likigeuka manjano, siku hiyo hiyo mwenye tangi humimina mbolea, hubadilisha taa na kung'oa nusu ya mashina ili ayapande upya, na baada ya wiki mbili hawezi tena kujua ni lipi lililosaidia na ni lipi lililoharibu. Afadhali kuanza na jambo lisilogharimu chochote: toa shina moja zima, liweke kwenye sahani nyeupe, kisha ulisome kutoka mizizi hadi kileleni. Mahali ambapo uharibifu umeanzia hueleza mengi kuliko rangi ya jani. Naitrojeni, potasiamu, fosforasi na magnesiamu ni virutubisho ambavyo mmea unaweza kuvihamisha kutoka jani la zamani kwenda jani jipya, kwa hiyo vikipungua majani ya chini ndiyo yanayotangulia kuumia. Chuma na kalsiamu havihamishiki kwa urahisi, na upungufu wake huonekana kwenye majani machanga ya juu. Uharibifu unaoanzia kwenye shina lenyewe, hasa pale linapoingia mchangani, kwa kawaida hauhusiani na lishe.

Majani yanalainika na kuoza katika wiki za kwanza

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote, na mara nyingi si ugonjwa. Bakopa nyingi zinazouzwa madukani zimekuzwa juu ya maji, kwenye vitalu vyenye unyevunyevu mwingi, kwa sababu huko hukua haraka na hazishikwi na mwani. Jani lililokulia hewani lina ngozi ya nta inayozuia maji yasipotee na vinyweleo vinavyopokea hewa moja kwa moja. Ukilizamisha, ngozi ile ile iliyokuwa kinga hugeuka kizuizi, maana gesi husambaa ndani ya maji polepole mara elfu kumi hivi kuliko hewani, na jani hilo haliwezi kupata kaboni dioksidi ya kutosha. Mmea huliacha life na kujenga majani mengine, membamba na laini zaidi, yaliyoundwa kwa maisha ya chini ya maji.

Kwa hiyo swali la msingi katika wiki 3 au 4 za mwanzo si majani mangapi yameoza, bali kilele kiko katika hali gani. Kilele kikiwa kibichi, kigumu, na kinatoa jozi ndogo za majani mapya, acha mmea ufanye kazi yake. Ondoa tu majani yaliyooza kabla hayajachafua maji, na usiung'oe kuutazama mizizi kila mara, kwa kuwa kila unapouinua unakata vinywele vya mizizi vilivyoanza kushika. Kilele kikiwa cheusi na shina likabonyea kama limechemshwa, hapo kuna tatizo la kweli. Kata sehemu iliyooza hadi ufikie shina gumu lenye rangi ya kijani ndani, upande kipande hicho kigumu, na utupe kilichooza.

Shina linalooza kwenye usawa wa mchanga huku majani ya juu yakiwa mazima lina historia yake, na historia hiyo mara nyingi ni namna lilivyopandwa. Bakopa huuzwa kwa mafungu yaliyobanwa kwa utepe wa madini ya risasi, au kwenye vikopo vyenye pamba ya mawe, yaani nyuzi laini zinazoishikilia mizizi. Mtu akilizamisha fungu zima kama lilivyo, mashina ya katikati hubanwa, hukosa maji yanayopita, na kuoza yote kwa pamoja. Fungua utepe, ondoa pamba ya mawe kadiri inavyowezekana, kata ncha za chini zilizopondeka, toa majani ya vifundo 2 au 3 vya mwisho, kisha panda kila shina peke yake kwa umbali wa sentimita 2 au 3, vifundo hivyo vikiwa ndani ya mchanga. Kibano kirefu hurahisisha kazi, lakini vidole pia vinatosha katika tangi la kawaida.

Mmea unasimama wima na hautambai

Mwenye tangi aliyenunua mmea unaotambaa ana haki ya kushangaa unapomwotea kama mwanzi. Maelezo yake yamo katika fizikia ya maji. Juu ya nchi kavu shina la bakopa ni dhaifu mno kujibeba, hivyo hulala, na kila kifundo kinachogusa tope hutoa mizizi. Ndani ya maji shina hilo hubebwa na maji, lina nafasi za hewa ndani yake, na hakuna kinacholilaza. Likiongezewa mwanga hafifu, linapata pia sababu ya kuukimbilia uso wa maji.

Kipimo kizuri cha mwanga ni pingili, yaani kipande cha shina kati ya kifundo na kifundo. Katika tangi lenye mwanga wa kutosha majani hukaribiana kiasi kwamba shina halionekani sana. Pingili zikiwa ndefu kuliko jani lenyewe, na majani yakawa madogo na mepesi, mmea una njaa ya mwanga hata kama jicho lako linaona tangi linang'aa. Kwa taa za LED, takriban lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 20 hadi 40 kwa kila lita ya maji zinatosha kwa mmea huu kukaa mfupi katika tangi lisilo na kina kikubwa. Kabla ya kununua taa nyingine, angalia kile kilicho chini ya taa uliyo nayo: kioo cha kufunikia kilichopata utando mweupe wa chokaa kutokana na maji magumu hupunguza mwanga mwingi, na mimea inayoelea ikifunika uso wote huifanya taa nzuri kuwa pambo. Siki kidogo kwenye kitambaa huondoa utando huo, ilimradi kioo kisuuzwe kabla ya kurudishwa.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kujaribu kufidia udhaifu wa taa kwa kuiwasha kwa muda wa saa 12 au zaidi kwa siku. Nguvu ya mwanga na muda wa mwanga havibadilishani kirahisi hivyo, kwani bakopa itaendelea kurefuka huku mwani ukinufaika na saa za ziada. Saa 8 kwa siku, zikidhibitiwa na swichi ya saa ili zisibadilike, zinatosha. Tangi likikaa karibu na dirisha linalopigwa na jua la alasiri, hesabu mwanga huo pia.

Mwanga ukiwa umerekebishwa, bado utalazimika kuusaidia mmea ulale. Njia inayofaa ni kuchukua shina refu, kulilaza juu ya mchanga, na kulishikilia kwa vijiwe vidogo au vipande vya waya wa plastiki vilivyokunjwa, ukihakikisha kwamba vifundo vinagusa mchanga lakini majani hayajafukiwa. Baada ya hapo kata kilele. Kilele kinapokuwepo huzalisha homoni inayoyazuia macho ya pembeni yasichipue. Kikiondolewa, vifundo vilivyo chini yake hutoa matawi mawili mawili, na shina moja lililolazwa linaweza kutoa safu nzima ya machipukizi. Vilele ulivyovikata uvipande kwenye nafasi zilizo wazi. Ukirudia kazi hiyo kila machipukizi yanapofika urefu usioupenda, kichaka hushuka na kutanuka.

Matarajio nayo yawe ya kiasi. Bakopa ya kawaida haitakupa zulia la kimo cha sentimita moja linaloonekana katika picha za matangi ya mashindano. Itakupa kichaka kinene cha sentimita 8 hadi 15 kinachotandaa, na mimi binafsi nakiona kizuri zaidi, maana samaki wadogo hujificha ndani yake. Anayetaka kitu kifupi zaidi atafute ile aina iliyochaguliwa inayouzwa kwa jina la Compact, ambayo hulala kwa hiari zaidi kuliko mmea wa asili.

Juu ni kijani, chini ni mashina matupu

Dalili hii ina sababu mbili zinazofanana sana kwa macho, na tiba ya moja haifai kwa nyingine. Ya kwanza ni kivuli: kichaka kimekuwa kizito, vilele vimeziba mwanga, na majani ya chini yameachwa kwa sababu hayaleti faida tena. Ya pili ni upungufu wa virutubisho vinavyohamishika. Ili kuzitofautisha, linganisha mashina ya katikati ya kichaka na yale ya ukingoni yanayopata mwanga hadi chini. Ikiwa ya ukingoni yamebaki na majani mazima hadi mchangani, sababu ni kivuli, na dawa yake ni mkasi. Ikiwa hata ya ukingoni yanapoteza majani kuanzia chini, mmea unakula akiba yake.

Jani la zamani likigeuka manjano lote kwa usawa kabla ya kudondoka, shuku naitrojeni kwanza, hasa katika tangi lenye samaki wachache. Likibaki kijani lakini likapata vidoa vinavyotoboka na kuwa matundu yenye kingo za manjano au kahawia, potasiamu ndiyo inayoshukiwa. Kwa bahati nzuri vyote viwili hupatikana katika chumvi moja, naitreti ya potasiamu, ambayo wauzaji wa pembejeo huiuzia mashamba ya nyumba za kitalu kama mbolea inayoyeyuka. Gramu 1 ikiyeyushwa katika lita 100 za maji ya tangi huongeza takriban miligramu 6 za naitreti na karibu miligramu 4 za potasiamu kwa kila lita. Kipimo hicho mara moja kwa wiki, pamoja na kubadilisha theluthi moja ya maji, kinatosha kuonyesha tofauti katika majani mapya ndani ya wiki mbili au tatu. Majani yaliyokwisha kutoboka hayatapona, kwa hiyo usiyatumie kupima mafanikio, yakate.

Nasisitiza chumvi hiyo kwa jina kwa sababu kwenye rafu ile ile ya duka la pembejeo kuna mbolea zinazoweza kuua samaki wote. Urea, CAN, DAP na NPK nyingi za shambani hubeba naitrojeni ikiwa amonia, au katika umbo ambalo hugeuka kuwa amonia ndani ya maji. Hatari yake hukua pamoja na pH, yaani kipimo cha asidi na besi ya maji: kila pH inapopanda kwa alama moja, tuseme kutoka 7 hadi 8, sehemu ya amonia iliyo sumu huongezeka takriban mara kumi, na joto la maji huizidisha. Maji ya visima vya pwani mara nyingi ni magumu na yenye pH ya juu, yaani mazingira yale yale ambamo kosa dogo la mbolea halisameheki.

Kilele kimepauka, au majani mapya yamejikunja

Hapa tunahamia upande wa pili wa shina. Majani machanga yakitoka ya manjano au karibu meupe huku ya chini yakibaki kijani, chuma hakipatikani. Sisemi hakipo, kwani katika maji yenye pH inayozidi 7.5 chuma cha kawaida huungana na vitu vingine na kutuama mahali ambapo mmea hauwezi kukichukua. Kumwaga mbolea ileile kwa wingi zaidi hakusaidii sana. Tafuta chuma kilichofungwa kwa DTPA, kemikali inayokishikilia chuma kisitengane na maji, ambacho hustahimili pH ya juu kuliko kile kilichofungwa kwa kemikali nyingine iitwayo EDTA, na ukitumie kidogo kidogo, mara mbili au tatu kwa wiki badala ya dozi moja kubwa.

Chunguza pia mchanga. Watu wengi wa pwani huchota mchanga mweupe ufukweni kwa sababu ni mzuri na haununuliwi, lakini mchanga huo mara nyingi umejaa vipande vya matumbawe na magamba ya kombe, ambavyo huyeyuka polepole na kuendelea kuyafanya maji magumu hata ukiyabadilisha kila wiki. Weka kijiko chake kwenye kikombe na umwagie siki; ukitoa mapovu, una chokaa. Bakopa inaweza kuishi humo, ila itahitaji chuma daima. Mchanga wa mtoni uliooshwa vizuri, usiotoa mapovu, ni wa kuaminika zaidi.

Majani machanga yaliyojikunja, madogo, yenye ncha zilizokufa, yanaelekeza kwenye kalsiamu, na tatizo hilo ni la maji laini. Jijini Nairobi, ambako sehemu kubwa ya maji ya bomba hutoka bwawa la Ndakaini, maji ni laini, na anayeyachanganya na maji ya mvua huyafanya kuwa laini zaidi. Vipande vichache vya matumbawe ndani ya chujio, vile vile ambavyo mtu wa pwani anavikimbia, vinaweza kumaliza shida hiyo. Magnesiamu ikikosekana nayo, jambo linaloonekana zaidi kwenye majani ya zamani, chumvi ya Epsom kwa kiasi kidogo hutosha.

Mwani juu ya majani

Vumbi la kahawia linalofutika kwa kidole katika tangi jipya huondoka lenyewe baada ya wiki kadhaa, na hakuna haja ya kulipiga vita. Nyuzi za kijani ni dalili ya mwanga kuzidi kasi ya ukuaji wa mmea, kwa hiyo punguza saa za taa, uzizungushe nyuzi kwenye mswaki wa zamani na kuzitoa. Vishada vyeusi vilivyong'ang'ania kingo za majani hupenda takataka za chakula na chujio chafu, na jani lililokwisha kushikwa ni bora likatwe.

Utando laini wa kijani cha buluu unaonuka na kung'oka kama ngozi ni jambo tofauti, kwani huo ni bakteria, si mwani wa kweli. Hutokea mara nyingi pale maji yanapotulia, na umeme unapokatika kwa saa nyingi chujio husimama, jambo ambalo wakazi wengi wa miji yetu wanalijua vyema. Uvute kwa mpira wa kunyonyea maji, badilisha nusu ya maji, kisha funika tangi kwa blanketi ili liwe giza kabisa kwa siku 3. Bakopa yenye afya hustahimili giza hilo. Hakikisha hewa inaingizwa majini wakati wote huo, kwa kuwa mmea usiopata mwanga hutumia oksijeni badala ya kuitoa.

Vipande vinaelea asubuhi

Angalia ncha ya kipande kinachoelea. Ikiwa imeoza, rejea maelezo ya upandaji. Ikiwa imekatika kwa usafi, mtuhumiwa ni samaki: samaki wa dhahabu hula bakopa bila huruma, sato wadogo pia, na mbuna wa Ziwa Nyasa huchimba mchanga hata pale wasipokula. Pamoja na samaki hao mmea huu hautasimama, na hakuna mbolea itakayobadilisha tabia yao. Samaki aina ya gapi, moli na samaki wengine wadogo hawana shida nao.

Konokono wadogo wa kawaida hula majani yanayokufa na hulaumiwa kwa kifo ambacho hawakukisababisha. Tofauti ni konokono wakubwa wa jamii ya Pomacea, wanaokula mimea hai. Mmoja wao, Pomacea canaliculata, aligunduliwa katika mashamba ya mpunga ya Mwea nchini Kenya mwaka 2020 na ni mharibifu mkubwa; ukimwona, au ukiona mafungu ya mayai yake ya rangi ya waridi yaliyobandikwa juu ya usawa wa maji, usimpe rafiki wala usimtupe mtaroni.

Bakopa iliyochumwa porini

Kwa kuwa mmea huu huota wenyewe kando ya maji, wapo wanaouchuma badala ya kuununua, na tatizo lao huanza kabla shina halijafika tangini. Maji yaliyotulia yenye mimea ni makazi ya konokono wa jamii za Biomphalaria na Bulinus, wanaobeba vimelea vya kichocho, na mtu anayeingia humo miguu mitupu anaweza kuambukizwa kupitia ngozi. Chuma ukiwa ukingoni, kwa glavu na mabuti, na usiingie majini. Nyumbani suuza mashina kwa maji ya bomba, ondoa majani ya chini yote, loweka mashina hayo kwa saa 2 au 3 katika maji yaliyoyeyushwa shabu, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4, kisha suuza tena. Shabu haiui mayai yote ya konokono, ndiyo maana mashina hayo yanapaswa kukaa peke yake kwenye ndoo nyeupe yenye mwanga kwa wiki 3 hivi, ukiondoa kila kinachotembea. Muda huo unatosha pia kwa majani ya hewani kudondoka na ya majini kuanza kuota, hivyo utakachopanda tangini kitakuwa kimekwisha kupita hatua yake ngumu zaidi. Maji ya ndoo yamwagwe kwenye udongo mkavu, mbali na mfereji.